Kisu cha Vitunguu

Tangu arudi kutoka wodi ya wagonjwa wa akili, huu mwezi wa tatu, Mudathir hajagusa bangi wala hajaacha kumeza dawa hata siku moja. Leo dada yake anaolewa, na Makorora nzima inajua kwamba pilau za ukoo huu anapika yeye.

Uani aliwakuta wanaume wakikata vitunguu. Akavuta kigoda.

"Shikamoo, mjomba. Lete kisu nikusaidie."

"Marahaba," akajibu mjomba wake, huku akikisukuma kisu chini ya paja taratibu, kama mtu anayejikalia vizuri tu. "Wewe pumzika, baba. Umeumwa sana."

"Nimepona, mjomba."

"Alhamdulillahi. Ndiyo upumzike."

Wengine wakainamia vitunguu vyao.

Akatoka. Nyuma ya kibanda cha chipsi, wenzake wa zamani walikuwa wamekaa kwenye gogo, moshi umewazunguka. Mmoja alikuwa anamenya embe bichi. Hakushtuka wala hakuuliza habari za hospitali.

"Ulipotelea wapi? Hebu tukatie hili, mpishi wetu."

Akamkabidhi kisu, mpini mbele, kisha akampa mgongo kuwasha msokoto.

Mpini ulikuwa bado na joto la kiganja. Mudathir akakaa.