Foleni ya Wauzaji

Saa tatu na robo kamili asubuhi, Hetal alikuwa amejifungia stoo ya jikoni, kati ya pipa la ngano na debe la mafuta. Akabonyeza simu: uza, hisa mia sita arobaini.

Jibu lilikuwa lile la jana na juzi. Wauzaji laki tatu. Wanunuzi, hakuna.

Siku ya kumi na tatu hiyo. Kila mara soko la hisa la Mumbai lilipofunguliwa, hisa zake za kampuni moja ya mitambo ya umeme wa upepo zilishuka hadi kikomo cha siku, bei isiyoruhusiwa kupita chini yake, zikaganda hapo. Wote walitaka kutoka. Wa kuingia hakuwepo.

Na pesa zenyewe zilikuwa za masikio ya Dhruvi, bintiye wa miaka minne. Kalpesh, mumewe, alizituma kutoka Muscat. Upasuaji ungefanyika baada ya sikukuu ya Diwali. Hetal alitaka tu zizae kidogo, mtoto apate na vifaa vya kusikilizia. Hisa zikapanda, zikapanda tena, kisha kampuni ikanyang'anywa mkataba wake mkubwa.

"We Hetal!" Mama mkwe wake, Savitaben, ambaye nyumbani walimwita Ba, alikuwa anagonga mlango. "Unafanya nini humo?"

"Napima dengu, Ba."

"Dengu gani hizo, kila siku saa tatu na robo? Unazipima punje moja moja?"

Hetal akatoka na bakuli tupu. Dhruvi, ambaye hakujua kunong'ona, akapaza sauti: "BIBI! MAMA ANA FENI KUBWA KWENYE SIMU!"

Ilikuwa nembo ya kampuni.

"Nimeiona, mjukuu wangu," Ba alisema, macho kwa Hetal. "Na tarakimu zake nimezisoma. Miwani ninayo."

Hetal akaisokomeza simu kiunoni mwa sari.

Mchana ule alimsikia Ba akiongea kwenye simu, mlango umerudishwa. "Najua kila kitu… Hapana, yeye usimwambie. Kesho asubuhi tunamaliza."

Anamwambia Kalpesh, Hetal akawaza. Chapati zote za jioni ile ziliungua, na Ba hakumgombeza hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Asubuhi yake alikuwa stoo mapema, ili awe mbele kabisa kwenye foleni. Saa tatu na robo simu ikatetemeka mkononi.

Zimeuzwa. Zote.

Akakaa juu ya gunia la mchele, akalia huku amejiziba mdomo kwa upande wa sari. Tangu zilipofika kileleni, karibu nusu ya thamani yake ilikuwa imekwenda, lakini iliyobaki ilitosha upasuaji. Vifaa vitatafutwa. Sasa angeungama yote kwa kinywa chake.

Ba alikuwa mezani, anakunywa chai kwenye kisahani. Mikono yake haikuwa na zile bangili za dhahabu za kila siku.

"Ba, nina jambo la kukuambia."

"Keti, naanza mimi. Bangili zangu nimeziuza jana." Akacheka kama msichana. "Wiki mbili unajificha unanunua peke yako! Nikasema, mkwe wangu kasoma, hawezi kukosea, nami nizinunue hisa hizo, faida yangu iwe ya Dhruvi. Wakala alinicheka kwenye simu, ati nani anazitaka hizo. Leo asubuhi nimepata mia sita arobaini, sawasawa na zako. Mjinga gani sijui kaniuzia zote!"