Askofu Ahamia kwa Fuensanta

Askofu aliingia mahakamani ndani ya kikapu cha malimau, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akanyea Kitabu cha Sheria za Raia.

"Pangusa hapo," alisema Doña Casilda, hakimu wa amani wa kijiji, bila kushtuka. Alikuwa ameshona magauni ya harusi maisha yake yote kabla hawajamchagua kuwa hakimu, na hapakuwa na doa lililomtisha.

Askofu alikuwa njiwa dume. Jina lile alilipata kwa sababu ya mabawa yake, yaliyopakwa rangi ya zambarau. Kwa majuma mawili sasa bawa la kushoto lilikuwa limefungwa uzi asiruke, kama wafugaji wa Murcia, Hispania, wanavyowapumzisha mabingwa wao kabla ya mashindano. Na mashindano yalikuwa Jumapili: jike mmoja anarushwa, madume wa rangi zote wanamfuata, na atakayefaulu kukaa naye muda mrefu kuliko wenzake ndiye mshindi. Kwa kubembeleza majike, Askofu hakuwa na mpinzani. Ila tangu juma lililopita alikuwa akilala katika banda la jirani.

"Njiwa ni wangu!" alifoka Fulgencio, mkulima wa malimau na kapera wa miaka hamsini, shati lake limenyooka kwa pasi kama anakwenda kuposa. "Huyu bibi kanichukulia!"

"Nikuchukulie, mimi? Ukuta wenyewe mrefu kuliko mtu, niuparamie na magoti haya?" alijibu Fuensanta, mjane wa upande wa pili wa ukuta huo. "Kaja mwenyewe. Labda kakuchoka. Na nani asiyekuchoka wewe na kelele zako!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Doña Casilda alifungua kitabu penye ukavu.

"Kifungu cha mia sita na kumi na tatu. Njiwa, sungura na samaki wakihama banda la huyu wakaenda la yule, wanakuwa mali ya yule. Isipokuwa wamevutwa kwa hila au udanganyifu." Akavua miwani. "Fulgencio, anayedai ndiye athibitishe. Hila iko wapi?"

"Naitafuta, Mheshimiwa. Kila jioni nakwenda kwake kuchunguza."

"Kuchunguza nini?"

"Mtama. Maji ya kunywa." Alikohoa. "Na paparajotes."

"Paparajotes zinapikwa jikoni, Fulgencio. Njiwa yuko bandani."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Mheshimiwa."

Hapo Fuensanta hakuweza kuvumilia. "Aliinama kweli! Kala nne pamoja na majani!"

Watu nusura waanguke vitini. Paparajote ni jani la mlimau lililochovywa kwenye rojo la unga na mayai, likakaangwa na kunyunyiziwa sukari. Mtoto yeyote wa Murcia anajua kwamba unakula andazi, jani unalitupa. Ni wageni tu wanaolitafuna.

"Nikamwambia, jirani, jani haliliwi," aliendelea Fuensanta. "Akaniambia linasaidia tumbo."

Masikio ya Fulgencio yakawa mekundu. Doña Casilda aligonga meza hadi ukumbi ukatulia, kisha akamgeukia mjane. Aliyekuwa akicheka aliacha, maana jibu la swali hili ndilo lingemaliza kesi.

"Fuensanta, uko chini ya kiapo. Ukikana, njiwa ni wako. Ukikubali, anarudi kwa Fulgencio, naye Jumapili atamrusha. Ulitumia hila?"

Yule mwanamke mwenye ulimi wa upanga alikunja pindo la mtandio wake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilitumia," akasema. "Nilitia anisi na asali."

Ukumbi ukaguna. Fulgencio, ambaye angepaswa kurukaruka kwa furaha, alikuwa amepauka.

"Kwenye mtama?" aliuliza hakimu.

"Kwenye paparajotes."

"Lakini njiwa hali paparajotes!"

"Kwani nani kasema nilikuwa namvuta njiwa?"

Doña Casilda alimtoa Askofu kikapuni polepole, akalitazama lile bawa lililofungwa uzi, akaufikiria ule ukuta mrefu kuliko mtu, kisha akamtazama Fulgencio kwa jicho lililowahi kupima maharusi wote wa kijiji.

"Sasa huyu aliruka vipi?"

"Nilimrusha mimi juu ya ukuta, Mheshimiwa, nipate sababu ya kwenda kwake," alinong'ona Fulgencio, macho yake kwenye viatu. "Mara mbili. Mara ya kwanza mshamba huyu asiyejua mapenzi alizunguka langoni akarudi nyumbani kwa miguu."