Nadhiri ya Kasian

Wakati wa mapumziko ya mechi ya mpira wa kikapu, Iringa walikuwa nyuma ya Mbeya kwa vikapu vitatu. Kapteni akamletea Kasian, shabiki wao mkubwa, gramafoni ambayo wachezaji walikuwa wameitoa nyumbani kwa Kasian.

“Kaka, tuwekee ile jazi ya tarumbeta. Tukiisikia, miguu inakuwa miepesi.”

Kasian alishika hendeli ya gramafoni bila kuizungusha. Kwaresima hiyo alikuwa amemwahidi Mungu kwamba hatasikiliza jazi mpaka Pasaka, ili vijana hawa wawashinde Mbeya.

“Au umehamia Mbeya?” kapteni akamtania.

Wachezaji wakacheka. Kasian akamwachia kapteni hendeli, akateremka mlima uliokuwa na uwanja, vidole masikioni asiisikie jazi.

Chini barabarani, shangwe za uwanjani zikapenya hata hivyo. Alitamani kuvitoa vidole ajue wanaoshangilia ni wa Mbeya au wa Iringa, lakini huenda jazi bado ilikuwa ikilia.

Hakuvitoa.