Miaka Minane ya Signe

"Minneapolis au Milwaukee?" Harlan aliuliza tena, kana kwamba mkewe ndiye aliyekuwa amelificha jibu.

Marit alikuwa akitafuta nafasi kwenye friji. Bi Lundeen wa nyumba ya pili alikuwa ametoka kuleta bakuli la nyama ya kusaga lililofunikwa viazi, na ndani tayari kulikuwa na mengine matatu ya namna hiyo hiyo. Ndivyo walivyo watu wa Duluth: ukifikwa na jambo, liwe la heri au la shari, wao ni viazi tu.

"Bakuli lako nitalirudisha," Marit alikuwa amemwambia pale mlangoni.

"Acha hizo, shoga yangu. Kuleni. Signe ni fahari ya mtaa huu mzima."

Shule za udaktari za miji hiyo miwili zilikuwa tayari kumchukua, na zote mbili zilitaka jibu leo.

Tangu majira ya baridi Signe alikuwa haishi kubadili mawazo. Alitaka udaktari wa wagonjwa na udaktari wa maabara, vyote kwa mpigo, miaka minane. Minneapolis ilikuwa karibu na nyumbani. Milwaukee kulikuwa na mwalimu wa magonjwa ya ubongo ambaye Signe hakuchoka kumsifia.

"Daktari mara mbili!" baba yake alimtania Jumapili, wakinywa kahawa. "Utatuandikia dawa, kisha utueleze kwa nini haikutuponya."

Signe alicheka mpaka akapaliwa. "Haya, mkiona nazubaa sana, nichagulieni nyinyi," alisema. "Mradi nifae kitu."

Sasa ndiyo walikuwa wanamchagulia.

"Milwaukee ni mbali," Marit alisema hatimaye. "Na barabara zenyewe hizi, barafu tupu."

Harlan alitazama uani. Pale ambapo binti yao huegesha gari palikuwa patupu, theluji ya Aprili imetanda bila alama hata moja ya tairi. Akavuta pazia.

"Wewe unataka awe karibu tu, uwe unampelekea soksi." Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

"Ndiyo, nataka awe karibu. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya, mke wangu."

Marit alichukua sufuria safi akaanza kuiosha. Maji yalikuwa ya moto mno, mikono ikawa myekundu, naye hakuitoa. "Sisikii kitu, Harlan," alisema. "Wallahi sisikii kitu."

Harlan alifunga bomba. "Jumapili alisema wapi, mara ya mwisho?"

"Milwaukee."

"Basi tusimpinge. Ni yake, si yetu."

Marit alikaa kitini. Alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoiweza.

Harlan akapiga simu. Mwanamke wa shuleni alikuwa na sauti ya upole, isiyo na haraka.

"Tumeamua," Harlan alimwambia. "Mchukueni nyinyi."

"Asanteni sana, baba. Mmetupa heshima kubwa. Gari letu litafika jioni. Wanafunzi wetu watamtunza, nawaahidi."

"Muulize kama nimfungie sweta," Marit alisema. "Kule vyumba vyao vina baridi."

Harlan aliuliza.

"Hapana, baba. Hahitaji kitu," yule mwanamke alisema. "Na baada ya miaka miwili, wanafunzi wakishamaliza kujifunza kwa mwili wake, majivu yake tutawaletea wenyewe mpaka nyumbani."

Harlan aliziba simu kwa kiganja, akamgeukia mkewe.

"Wanasema miwili," alisema. "Si alituambia minane?"