Barakoa za Gwaride

Ofisa aliyetumwa kuamua fidia ya saratani ya wazimamoto aliweka mezani barakoa ya moshi, ingali ndani ya nailoni.

"Serikali ilikupa hii, mzee. Hukuivaa. Umejitakia mwenyewe."

Alois, mzimamoto aliyeomba fidia, alimgeukia mkuu wa kikosi. Si ndiye aliyezifungia barakoa zote kabatini zisichafuke kabla ya gwaride, wao wakaingia kwenye ghala la mbolea linaloungua pale Mazwi na matambara mabichi mdomoni?

"Afande, mwambie."

Mkuu alitazama dirishani. "Zilikuwepo siku zote."

Alois aliichana nailoni, akaivaa barakoa. Harufu ya mpira mpya ikamjaa puani. Kikohozi kikamshika humo humo, kioo kikatapakaa damu.

Mkuu akamvua taratibu, akaanza kuifuta kwa leso.

"Ona ulivyoichafua," alisema, "na Jumamosi tuna gwaride."