Dirisha la Saa Saba

Ilipokaribia saa saba mchana, Kahambu alifunga dirisha la ofisi ili awe Ufaransa.

Hakuwa na ujanja mwingine. Saa hiyo Abudu, muuza dawa ya panya, huipanda barabara ile ya Ntinda, hapa Kampala, na kipaza sauti shingoni, tangazo alilolirekodi mwenyewe likijirudia: ya panya, ya mende, ya kunguni. Baada ya kunguni hufuata kikohozi. Alikohoa siku ya kurekodi, akaona uvivu kuanza upya, na sasa mtaa mzima unakijua kikohozi chake kuliko jina lake.

"Dada, dirisha," Wamalwa, msimamizi wao, Mkenya wa Bungoma, alikuwa akimkumbusha kila siku. "Mteja akimsikia Abudu, tumekwisha."

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu za hoteli moja ya huko Ufaransa, jumba la miaka mia tatu kando ya mto, lililokarabatiwa likawa mahali pa wapendanao. Waliopiga waliamini wanaongea na mtu wa mapokezi, pale pale chini ya ngazi. Kahambu, mzaliwa wa Butembo kule Kongo, aliyefundishwa Kifaransa na masista, kwenye simu aliitwa Marlène. Sharti lilikuwa moja: ukitaja Kampala, huna kazi. Hoteli yenyewe hajawahi kuiona. Alikuwa na picha arobaini kwenye kompyuta, basi.

Bwana Lucien alianza kupiga mwezi wa tatu. Mitambo yao haikuonyesha namba za wateja, ilileta sauti tu, na yake ilikuwa ya mtu mzima, Kifaransa cha polepole kilichonyooka, kilichomkumbusha Kahambu baba yake. Aliuliza habari za chumba namba kumi na nne. Mkewe, Perpétue, aliikata picha ya chumba hicho kwenye kalenda akaibandika ukutani, naye akamwahidi kwamba siku moja watakwenda kulala humo, wao wawili. Perpétue alifariki kabla ya siku hiyo. Sasa alichotaka ni kuelezwa tu chumba kilivyo.

Kahambu akamweleza: kitanda cha mbao nyeusi, pazia la kijani, hodhi la kuogea lenye miguu ya simba. Kesho yake mzee akapiga tena, saa saba ile ile, na keshokutwa vilevile. Picha zilipokwisha, Kahambu akaanza kutunga. Ngazi ya tatu hulia ukiikanyaga. Paka wa jikoni hulala dirishani, hafukuziki. Mzee alicheka sana kuhusu paka, kisha akamwuliza Marlène kama amekula. Hakuna mteja mwingine aliyewahi kumwuliza kama amekula.

Tusidanganyane, Kahambu alikuwa mpweke. Miaka sita Kampala, chumba kimoja Wandegeya, majirani wanafunzi wanaobadilika kila muhula. Kuna Jumapili zilizopita bila mtu kumwita jina lake. Bwana Lucien alimwita kwa jina lisilo lake, lakini alimwita. Sikukuu ya Uhuru wa Uganda, mwezi wa kumi, Kahambu alikuja kazini, akafunga dirisha, akangoja mpaka saa tisa. Mzee hakupiga. Aliona aibu kwa jinsi ilivyomuuma.

Na sasa Ijumaa hii ilikuwa ya mwisho. Asubuhi Wamalwa aliwatangazia kwamba kuanzia Jumatatu simu za hoteli zitapokelewa na mashine, inajua lugha saba na haiendi kula. Wao watahamishiwa kujibu barua za kampuni ya matairi, mradi leo asiharibu mtu. Kahambu hakuwaza matairi. Aliwaza mzee wa watu akipiga Jumatatu na kupokewa na mashine, bila hata kuagwa.

Simu ililia saa saba kamili. Akamwambia kwamba leo ndiyo siku yake ya mwisho mapokezini.



"Basi nitakuja," mzee akasema. "Kesho. Nitakaa pale karibu na meko, niulize Marlène ni yupi. Utakuwepo?"

Kahambu akainua macho. Wamalwa alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Kahambu akamwona akilini mzee akiingia hotelini na sanduku lake, akiuliza kwa watu wa mapokezi wa kweli, nao wakitazamana.

"Nitakuwepo," alisema.

"Kwenye ngazi ya tatu?"

"Kwenye ngazi ya tatu. Na paka."

Safari hii mzee hakucheka. Alivuta pumzi kama anayetaka kusema jambo, akaliacha. Kahambu naye alikuwa na lake, naye akaliacha. Ofisi ilitulia. Dirisha lilikuwa limefungwa na komeo limeshushwa, na huko nje Abudu alikuwa bado hajafika.

Ndani ya hedifoni, nyuma ya pumzi za Bwana Lucien, mtu akatangaza: ya panya, ya mende, ya kunguni. Kisha akakohoa.

Wamalwa akiwa anamtazama, Kahambu akainuka, akafungua dirisha.