Watoto wa Kuazima

Mwalimu Sulastri alikuwa amepiga magoti nyuma ya choo cha shule, wembe mkononi, akifumua beji kwenye mkono wa shati la mtoto.

"Tulia wewe, nitakukata."

"Mwalimu, mama akiuliza beji iko wapi?"

"Mwambie imeliwa na mbuzi. Nenda kapange mstari. Mwingine!"

Kila mtoto wa shule ya msingi nchini huvaa shati jeupe na sketi au kaptula nyekundu. Beji tu ndiyo humtaja mtu anakotoka, na asubuhi hiyo uwanja wa shule ya mlimani ulikuwa umefurika watoto wa bondeni.

Wa kwake Sulastri, mwalimu mkuu wa mlimani, walikuwa mashambani. Ni Agosti, majani ya tumbaku yameiva, na mzazi wa mlimani hana habari na shule mpaka jani la mwisho likauke. Mkaguzi naye ndiyo leo anakuja. Wilaya ilikuwa inafunga shule zenye watoto pungufu ya sitini, na ya mlimani ikifungwa, vitoto vya darasa la kwanza vingeshuka korongo na kuvuka mto kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka juzi mto ule ulibeba ng'ombe mzima.

Wazo lilikuwa la mumewe, Tarmuji, mwalimu mkuu wa bondeni.

"Mama Ratih, kwani sisi hatuazimani viti vya harusi?" alimwambia. "Masufuria je? Basi nakuazima na watoto. Wakubwa nakuletea wote, tutasema ni mazoezi ya gwaride la sikukuu ya uhuru. Wadogo nitawaambia wapumzike nyumbani."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa mpishi wako. Si unasema kila siku sijui kupika?"

Na kweli, alikuwa pale chini ya turubai, amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, anakaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa. Akina mama wa kamati ya shule walikufa kwa kicheko. "Mpishi ana kitambi huyu! Chakula kitafika kweli?" Uwanja ulishapambwa bendera za karatasi, magunia ya mbio yamepangwa, kaukau za mashindano ya kula zinaning'inia kwenye nyuzi. Ungedhani sherehe ni leo, si wiki ijayo.

Sulastri peke yake hakucheka.

Mkaguzi, Bwana Kusnadi, alichelewa kufika. Alishuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, na salamu yake ilikuwa fupi. Hakutaka daftari la mahudhurio.

"Daftari halipumui, mwalimu. Nataka vichwa."

Akapita mstari kwa mstari, kidole hewani, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudi, akaanza upya. Sulastri aliuhisi wembe mfukoni mwake kama kaa la moto. Nyuzi nyekundu bado zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye mikono ya mashati, na mkaguzi sasa alikuwa amesimama mbele ya Wening, binti mropokaji kuliko wote wa bondeni.

"Wewe binti. Mwalimu wako mkuu ni nani?"

Macho ya Wening yakaruka moja kwa moja hadi kwenye turubai. Tarmuji akainamia karai, mwiko ukasimama. Akina mama wa kamati wakanyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo halijapata kutokea mlimani.

"Nakuuliza wewe."

"Ni... huyu hapa, bwana. Mwalimu Sulastri." Akameza mate. "Ana maneno mengi, lakini hapigi."

Mkaguzi alimkazia macho, kisha akaangua kicheko, na uwanja mzima ukacheka naye kwa sauti iliyozidi kiasi. Sulastri alishika nguzo ya bendera.

Wakampa mkaguzi kiti cha mbele, wakamwekea sahani. Alikula tempe, akaongeza, akaramba vidole.

"Nitasema wazi, mwalimu. Nimekuja nikijua nafunga hapa. Lakini mahudhurio haya, tena msimu wa tumbaku! Hapa hapafungwi."

Vigelegele vikapasua anga. Sulastri akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na kule kwenye karai mumewe akamkonyeza.

Bwana Kusnadi alivaa kofia yake ya pikipiki, kisha akamwita mpishi kwa kidole.

"Mzee, mkono wako mtamu. Unakaa hapahapa?"

"Hapana, bwana. Bondeni."

"Ah, afadhali, utanifikishia ujumbe. Barabara ya sokoni wameifunga, wanajenga jukwaa la sikukuu, ndiyo maana asubuhi nikapitia huko kwenu. Nikasema ngoja nichungulie shule. Tupu! Hata mwalimu mkuu hayupo. Nimewapigia simu wilayani papo hapo, wamekubali." Akapiga pikipiki teke, ikanguruma. "Ukimwona, mwambie kesho asijisumbue kufungua, watoto wake wanahamia hapa."